Damu ya Minza na Namba Mbili Zilizopingana

Siku yangu ya kwanza kazini niliosha vioo. Si vya madirisha, ni vile vipande vyembamba vya kupakia tone la damu ili litazamwe kwenye hadubini. Ilikuwa katika zahanati moja upande wa Ipililo, wilayani Maswa, na enzi hizo kioo hakikutupwa. Kililowekwa kwenye dawa, kikasuguliwa, kikaanikwa, kikarudi kazini. Mchana Mganga Mfawidhi alikuja, akachukua kimoja, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakirudisha kwenye ndoo.

"Hiki bado kina malaria ya mtu wa jana," akasema. "Leo ungempa mtu mwingine."

Nikamwambia mimi nakiona safi.

"Ndiyo maana nimekirudisha. Ukishakiona safi, kitazame tena."

Nilikuwa na elimu ya darasa la saba na kozi fupi ya msaidizi wa maabara. Mpaka nastaafu sikuongeza nyingine, kwa hiyo nitakayoeleza hapa kuhusu homoni ni yale niliyofundishwa na wakubwa zangu kazini na yale niliyoyaona. Vijana mnaoanza kazi hii mna mashine zinazohesabu zenyewe na kuchapa majibu. Sisi tulifundishwa kwanza kushuku.

Kutoka Ipililo nilihamishiwa Kalemela, wilayani Busega, karibu na ziwa. Huko kazi kubwa ilikuwa kichocho. Wavuvi na watoto walileta mikojo kwenye vichupa nasi tukatafuta mayai ya minyoo. Mkubwa wangu alikuwa Fundi Sanifu wa Maabara, mtu wa maneno machache, ambaye hakukubali kabisa umwulize mgonjwa, "Wewe ndiye Masanja?" Alitaka uulize, "Jina lako nani?" kisha unyamaze. Nilidhani ni ukali tu, hadi aliponieleza.

"Watu wetu wana adabu," alisema. "Ukimwuliza kama ni Masanja atasema ndiyo, kwa sababu umevaa koti jeupe na hataki kukuaibisha. Hapa ndiyo si jibu. Ndiyo ni salamu."

Mke wangu alicheka sana nilipomsimulia. Alisema hata yeye alinikubali kwa adabu.

Baadaye nikaletwa Bariadi, katika hospitali ambayo jina lake naliacha, na ndipo nilipokaa mpaka mwisho. Kwa miaka mingi damu ya kupima tezi ya shingo tuliipeleka Mwanza. Uliitoa mkononi, ukaiacha igande, ukaizungusha kwenye sentrifyuji mpaka maji ya njano yakae juu na chembe nyekundu zikae chini. Yale maji ndiyo yaliyosafiri, ndani ya kasha la barafu, kwa basi. Majibu yalirudi wakati mgonjwa amekwisha kukata tamaa au ameshatibiwa kwa mganga wa kienyeji. Kisha tukapata mashine yetu, na majibu yakawa ya siku hiyohiyo.

Nieleze kipimo chenyewe, maana bila hicho habari hii haieleweki. Tezi ya shingo hutengeneza homoni inayoupa mwili joto na nguvu. Homoni hiyo tuliipima kwa jina la T4. Chini ya ubongo kuna kitezi kingine kidogo ambacho kazi yake ni kuisimamia ile ya shingoni. Tezi ya shingo ikilegea, kile cha juu kinaipigia kelele, na kelele hiyo ndiyo TSH. Mwili ukipata homoni ya kutosha, kelele hupungua. Kwa hiyo TSH ikiwa kubwa, maana yake tezi iko chini. Ikiwa ndogo mno kwa mtu anayetumia dawa, mara nyingi maana yake dawa imezidi. Wagonjwa wengi huchanganyikiwa hapo, na hata baadhi ya wauguzi.

Jambo la pili ni mwendo. T4 hupanda upesi mtu akimeza vidonge. TSH huenda polepole kama ng'ombe anayetoka kisimani. Ndiyo maana daktari akibadilisha dozi husubiri kama wiki sita kabla ya kupima tena. T4 inakuambia mgonjwa ana nini mwilini siku hizi. TSH inakuambia aliishi vipi wiki zilizopita.

Basi nije kwa Minza.

Alitoka Mwamapalala, Itilima, akiwa na mumewe Nyanda. Ulikuwa msimu wa kuvuna pamba na jua lilikuwa kali, lakini yeye alivaa sweta. Uso ulikuwa umevimba, sauti nzito, na alijibu pole pole kana kwamba kila neno alilitoa mbali. Nilipomfunga mpira, mkono wake ulikuwa baridi kama wa mtu aliyetoka mtoni. Alikuwa ameharibikiwa na mimba mbili. Nyanda alitoa mahari ya ng'ombe wengi na ndugu zake walikuwa wameanza kusema kwamba mwanamke anayelala mchana na asiyezaa arudishwe kwao, ng'ombe warudi zizini. Nyanda hakutaka. Hilo alilisema mbele yangu, akitazama sakafu.

Majibu yalikuwa wazi: TSH juu sana, T4 chini. Daktari wa Magonjwa ya Ndani, dada mmoja kijana kutoka Pwani, alimwanzishia vidonge vya levothairoksini. Kimoja kila alfajiri, kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, kabla ya uji, maziwa au chai kwa muda wa kutosha. Alimwambia akitunza masharti na vipimo vikatulia, mimba inaweza kushika na kukaa.

Aliporudi baada ya muda uliopangwa, T4 ilikuwa imepanda vizuri. TSH ilikuwa juu vilevile. Daktari akaona dozi ni ndogo, akaongeza. Akarudi tena. Safari hii T4 ilivuka kiwango cha kawaida, na TSH bado ilikuwa juu. Minza alilalamika moyo unamwenda mbio tangu juzi yake, lakini sweta lilikuwa bado mwilini.

Mgonjwa mwenye TSH juu na T4 chini anaeleweka. Zikiwa juu zote mbili, kuna mtu anadanganya, na kila aliyekuwa hospitalini alikuwa na mtu wake wa kumshuku.

Mkuu wa Maabara alinianza mimi. "Mzee, hii damu ulimtoa nani?"

"Minza."

"Ulimwuliza jina?"

"Nilimwuliza na akataja na la baba yake."

Hakuridhika. Alikuja mwenyewe kusimama nyuma yangu nilipomtoa damu upya. Namba zikawa zilezile. Akaishuku mashine, akapeleka sehemu ya sampuli Mwanza kwenye mashine ya aina nyingine. Zikarudi zilezile. Siku hiyo hakunisalimia.

Muuguzi wa Kliniki alimshuku Minza kwamba anauza vidonge. Lakini kliniki yake ilikuwa na utaratibu wa kuhesabu, ulioazimwa kwa wagonjwa wa kifua kikuu: unakuja na kopo lako, linamwagwa mezani, vilivyobaki vinahesabiwa, na vikizidi unasemwa mbele ya benchi zima. Kopo la Minza halikuzidi hata kimoja. Mimi nilimshuku Nyanda. Kila Minza alipoulizwa, mumewe ndiye aliyejibu, na mwanamume anayejibu haraka hivyo nilimwona ana la kuficha.

Daktari alimwuliza Minza mwenyewe, kwa Kiswahili chake kizuri cha Pwani, "Unameza kila siku, mpenzi, bila kuruka?"

"Ndiyo," Minza akasema.

Daktari alibaki na hofu moja: huenda kile kitezi cha chini ya ubongo kina uvimbe unaopiga kelele bila sababu. Akasema atampima mara ya mwisho, na ikiwa ni hivihivi ampe rufaa ya Mwanza akapigwe picha ya kichwa. Nyanda alikaa chini. Alisema safari hiyo itamlazimu kuuza ng'ombe wake wa kulimia, na mama yake akisikia ng'ombe anauzwa kwa ajili ya Minza, Minza hatalala tena nyumbani kwao.

Siku ya kipimo hicho cha mwisho nilikuwa nimemaliza kumtoa damu nilipoitwa chumba cha daktari. Nilizoea kuitwa kutafsiri, maana daktari hakujua Kisukuma. Nilikuta Nyanda amesimama, Minza amejikunja kwenye kiti, na mama wa makamo aliyevaa kanga mbili, vumbi la bodaboda hadi kwenye nyusi. Alikuwa mama yake Nyanda. Alikuwa amewafuata.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimu.

"Mwangaluka, baba. Wewe ni mkubwa humu, niambie," akasema, na akaweka kopo juu ya meza ya daktari kwa kishindo. "Nimelikuta ndani ya gunia la mpunga. Mkamwana anachota mpunga jioni, mimi nachota asubuhi. Jana asubuhi mkono wangu ulilishika."

Daktari alifungua kopo. Lilikuwa limejaa karibu nusu, na lilipaswa kuwa karibu tupu.

"Vidonge vidogo, vyeupe, kimoja kila siku, kwa mwanamke," mama Nyanda akaendelea. "Mnadhani sisi wa Mwamapalala hatuvijui? Binti yangu alipewa vya namna hii na bibi wa uzazi wa mpango. Mnamfunga kizazi mke wa mwanangu, halafu mwanangu analia hana mtoto!"

Nilitafsiri yote. Daktari alishtuka. "Mwambie hivi si vya uzazi wa mpango. Ni homoni ya tezi."

"Wewe daktari," mama akamgeukia kwa Kiswahili cha mnadani bila kungoja mimi, "una watoto wangapi?"

Daktari hakuwa ameolewa. Akasema hana.

"Mmemwona! Naye anameza!"

Hata Nyanda alikaribia kucheka, lakini mama yake alimgeukia yeye. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua ni dawa ya tezi, mama."

"Ukanyamaza."

"Ningesema mke wangu ana ugonjwa wa shingo, ungesema nimeletewa mgonjwa kwa ng'ombe wazima."

Daktari alivuta kiti chake, akakaa karibu na Minza magoti yakigusana. Hakumwuliza kama anameza. Alisema, "Niambie ulivyofanya wiki iliyopita. Siku moja moja. Mzee, mwulize kwa Kisukuma."

Nilimwuliza. Minza alijibu chini chini, akifuta pua kwa mkono wa sweta. Mama mkwe akiwepo alfajiri, hakumeza. Mama akienda mnadani au shambani mapema, alimeza. Siku nyingi mama alikuwepo. Na ilipokaribia tarehe ya kurudi hospitalini, vidonge vilikuwa vimebaki vingi, na aliogopa kusemwa pale kwenye benchi.

"Ndipo ukafanyaje?"

"Ndipo nilimeza vilivyobaki. Vingi jioni, vingi asubuhi. Mara hii nilikuwa nivimeze jana jioni, nikakuta kopo halipo."

Daktari aliufunika uso kwa viganja viwili. Kisha akacheka, lakini macho yalikuwa na machozi. T4 ilikuwa inapanda kwa sababu ya vidonge vya siku mbili tatu. TSH ilikuwa inasimulia wiki zote ambazo hakumeza. Hakuna namba iliyodanganya, wala mashine, wala mimi. Na sisi ndio tuliokuwa tunamwongezea dozi ambayo hakuwa anaimeza, halafu yeye anaibugia yote kwa mkupuo mpaka moyo unamwenda mbio.

Rufaa ya Mwanza haikuandikwa. Dozi ilirudishwa pale ilipoanzia. Muuguzi wa Kliniki alipoelezwa alikasirika kwanza, akasema kuhesabu ni utaratibu, lakini tangu siku hiyo aliacha kuhesabu mbele ya watu.

Mama Nyanda hakuamini hata chembe. Alitaka arudi nyumbani na kopo alitupe chooni. Daktari alimwambia kupitia kwangu, "Basi mama, kopo likae kwako. Ufunguo wako, sanduku lako. Umpe wewe mwenyewe kimoja kila alfajiri, kwa maji matupu, kabla ya uji. Ukiruka siku, sema. Hatutakusema. Baada ya wiki sita njoo naye. Kama tumekudanganya, utukamate."

Nadhani ni neno kukamata lililomvuta. Alilifunga kopo kwenye pindo la kanga, akaondoka akitutazama kama wezi.

Walirudi wakati walioambiwa. Nilimtoa damu Minza mama mkwe akiwa amekaa pembeni, akiuliza kwa nini naandika jina kwenye chupa na siyo kwenye mkono wa mgonjwa. Majibu yalipotoka, Mkuu wa Maabara alinitazama, nami nikamtazama. TSH ilikuwa imeshuka sana, T4 iko katikati ya kiwango. Tukaweka sampuli kwenye mashine mara ya pili bila kuambizana. Ilikuwa hivyohivyo.

Daktari alifurahi, akamwonyesha mama Nyanda karatasi. "Imeshuka, mama. Ilikuwa huku, sasa iko huku."

"Imeshuka na mnafurahi?" mama akaniuliza mimi. "Pamba ikishuka bei mnafurahi? Ng'ombe akishuka uzito mnafurahi?"

Nilimweleza habari ya kelele. Nikamwambia msimamizi alikuwa anapiga kelele kwa sababu kazi haifanyiki, na sasa kazi inafanyika ananyamaza. Alisikiliza, kisha akasema namba ni za kwetu, yeye ana zake: Minza amelivua sweta, na juzi alibishana naye kuhusu chumvi ya mboga. Alisema hajawahi kumsikia akibisha. Hilo alilisema kama malalamiko.

Miezi michache baadaye Minza alikuja na mimba. Daktari alikuwa amemwonya mapema kwamba ikishika aje upesi, kwa sababu mjamzito anahitaji homoni zaidi na kupimwa mara kwa mara. Alichelewa kidogo, na damu ilionyesha TSH imeanza kupanda tena. Daktari akamshuku Minza. Mimi, nikiri, nilimshuku mama Nyanda, nikidhani kopo limekwisha kwenda chooni.

"Uliendelea kumpa, mama?" daktari akamwuliza.

"Nilimpa mpaka siku alipotapika. Nilipojua ni mimba nikaacha."

"Kwa nini?"

"Nani anampa mjamzito dawa? Nyie wenyewe mnaimba kliniki, mjamzito asimeze dawa ovyo. Mimba mbili zimetoka, ya tatu nimeilinda."

Aliacha kwa mapenzi. Hapakuwa na mtu wa kulaumiwa, na hapo ndipo niliogopa kuliko siku zote, kwa sababu mtu anayefanya kosa kwa mapenzi ni mgumu kumgeuza. Daktari hakupandisha sauti. Alinitaka nimwambie neno kwa neno kwamba katika miezi ya mwanzo mtoto tumboni hana tezi inayofanya kazi. Homoni anayotumia kujengea ubongo anaipata kwa mama yake tu. Mama asipokuwa nayo, mtoto hana pa kuipata.

Nilitafsiri. Mama Nyanda alimtazama Minza tumboni, muda mrefu. Kisha akaniambia, "Baba, wewe umezeeka humu. Unaapa?"

Nilimwambia siapi, kwa sababu si mimi ninayejua, ni daktari. Lakini nilimwambia kwamba damu ya Minza nimeitoa mwenyewe kila mara na kila mara imesema kile hasa kilichofanyika nyumbani kwao.

Aliomba maji hapohapo. Akafungua pindo la kanga, maana kopo alitembea nalo, akampa Minza kidonge mbele yetu, kisha akamwangalia chini ya ulimi kwa kidole.

Dozi iliongezwa. Mama Nyanda alilalamika kwamba tulisema amepona na sasa tunaongeza, lakini alimpa. Damu ilipimwa tena baada ya wiki chache, na ikatulia. Hiyo ilikuwa kati ya sampuli zangu za mwisho. Nilistaafu Minza akiwa bado na mimba, wala sikujua iliishia wapi.

Kustaafu ni kugumu kwa mtu aliyefundishwa kushuku, kwa sababu nyumbani hakuna cha kutazama mara ya pili. Watu wa mtaani huniletea karatasi zao za majibu, wengine kwenye picha ya simu, wakitaka niwaambie kama namba ni nzuri. Siwaambii. Nawauliza wanameza saa ngapi, wanameza na nini, na kama wanakunywa vidonge vya kuongeza damu asubuhi hiyohiyo, kwa maana hivyo na maziwa huzuia dawa isiingie vizuri. Nawauliza kama walibadilishiwa dozi juzi tu. Kisha nawarudisha kwa daktari. Kwa anayeanza kazi hii leo nasema hivi: namba mbili zikipingana, usiharakishe kuchagua ya kweli. Huenda zote ni za kweli na wewe ndiye hujaelezwa maisha ya nyumbani kwa mtu.

Mwaka jana nilimzika mke wangu, kwa maradhi yasiyohusu tezi. Baada ya matanga nilikaa uani siku nyingi bila la kusema. Wanangu walikuja kwa zamu kunipikia, wakiongea jikoni kwa sauti ndogo.

Mchana mmoja mama Nyanda aliingia na Minza na mtoto wa kike mgongoni. Walikuwa wamesikia msiba wakiwa mnadani. Mama Nyanda alinipa pole, akakaa nami kwenye mkeka kama inavyotakiwa. Minza alimweka mtoto mapajani mwangu. Kwa mazoea nilimtazama shingo kwanza, ndipo uso. Alinishika kidole akakitia mdomoni.

"Bado unameza?" nilimwuliza Minza.

"Anameza," mama mkwe akajibu. "Alipozaa wakapunguza. Mara ongeza, mara punguza, mara njoo tutoe damu. Baba, nakwambia wewe kwa sababu umeshatoka kule. Wale watu hawajui wanachofanya."

"Lakini unampa?"

"Nampa kila alfajiri. Siwaamini, lakini nampa. Nataka siku nikija kuwakamata, wasiseme niliruka."

Nilicheka. Wanangu walitoka jikoni wote kuja kutazama ni nani aliyecheka.